Resini ya jino imegeuka rangi: tazama kwanza doa limekaa wapi

Mzee mmoja muuza kahawa aliingia kliniki huku simu ameshaifungua kwenye picha za arusi ya mjukuu wake. "Mwanangu, hebu nitazame hapa," akasema, kidole amekibana juu ya kioo cha simu. Jino lake la mbele, lililovunjika pembe na kurudishiwa kwa resini miaka mitatu nyuma, lilikuwa na rangi mbili: juu jeupe, chini rangi ya kashata. Fedha alikuwa nazo mfukoni, tayari kutoa ile ya zamani na kuwekewa mpya. Nikalikausha kwa hewa, nikapitisha kisahani laini cha msasa mara moja, mara mbili. Unga wa kwanza ulitoka wa kahawia. Wa pili ulitoka mweupe. Robo saa baadaye alikuwa na kioo mkononi, mdomo wa juu ameuvuta karibu na pua, na hakuna tulichobadilisha.

Si kesi zote zinazoisha kirahisi namna ile. Lakini kosa ninaloliona kila wiki, kwa wagonjwa na kwa sisi waganga wa meno pia, ni kuuliza "umekunywa nini?" kabla ya kuuliza "doa liko wapi?" Kinywaji kile kile kinaweza kuacha doa la juu linalofutika, doa lililozama ndani, au mstari pembezoni, na kila moja lina dawa yake.

Resini ninayoizungumzia ni ile dawa nyeupe ya kuzibia jino, inayowekwa ikiwa laini kisha ikagandishwa kwa taa ya bluu. Wengi huiita simenti nyeupe, ingawa si simenti. Huziba matundu, hurudishia jino lililovunjika, na hufunika meno ya mbele yenye madoa ya madini ya floridi, kazi ambayo wenzetu wa Arusha na Nakuru wanaijua vizuri kwa sababu ya maji yao.

Kioo, dirisha na ukucha

Fanya uchunguzi mchana, karibu na dirisha. Taa za nyumbani hudanganya, za njano zaidi. Piga mswaki kwa dawa yako ya kila siku, sukutua, kisha futa jino kwa tishu, maana mate hung'aa na kuficha. Usilikaushe muda mrefu: jino likikauka hupauka, na resini haipauki kama jino, kwa hiyo utaona tofauti ambayo kumbe haipo.

Tazama kama meno ya jirani yana rangi ile ile. Tazama kama rangi imeenea kipande kizima au imejipanga pembeni kama uzi. Kisha pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye jino kwenda kwenye resini. Ukipita bila kukwama, vizuri. Ukikwama, pana ngazi au ufa. Mwisho jiulize rangi ilianza lini. Swali hilo la lini ndilo watu hulisahau, nami ndilo linalonisaidia kuliko yote.

Meno yote yameshika rangi, na resini imo humo

Hili ndilo doa jepesi. Dakika chache baada ya mswaki, mate huweka utando mwembamba juu ya kila kilichomo kinywani, jino na resini kwa pamoja, na rangi za vinywaji hunasa hapo. Kiongozi wao ni chai ya rangi. Pwani tunaiita chai ya mkandaa, na jina limeshasema kila kitu: magome ya mkandaa ni ya kutilia rangi na kudabagha ngozi, kwa sababu yana tanini, na chai nayo ina tanini. Ukiitia maziwa, protini ya maziwa huikamata sehemu ya tanini kabla haijafika kwenye jino. Ndiyo maana mnywaji wa chai ya maziwa huja na doa hafifu kuliko wa turungi.

Kuna wahusika wawili ambao mgonjwa hawataji mpaka aulizwe. Mmoja ni dawa ya kusukutulia yenye klorheksidini, ambayo huandikwa kwa wiki moja au mbili baada ya kung'oa jino au kwa fizi zinazotoka damu; ikikutana na chai huacha rangi ya kahawia kila mahali, hata kwenye ulimi. Mwingine ni dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, inayoacha weusi. Usikatishe dawa kwa ajili ya doa. Imalize, kisha njoo usafishwe.

Usafishaji wa kawaida wa kliniki hutosha. Lakini mwambie anayekusafisha ni jino gani lina resini. Chombo kile kinachotetema cha kutolea ugaga, na kile kinachopuliza unga wa magadi, vyote viwili huacha mikwaruzo kwenye resini visipotumiwa kwa uangalifu. Ukitoka na resini safi lakini yenye mikwaruzo, umejinunulia doa la mwezi ujao.

Kipande cha resini peke yake kimegeuka njano au kahawia

Hapa rangi imezama. Tangu Mmarekani Rafael Bowen alipopata hataza ya resini yake mwaka 1962, mapishi ya msingi hayajaenda mbali: unga laini sana wa kioo au silika, umeshikwa pamoja na utomvu wa plastiki. Unga haunywi kitu. Utomvu hunywa. Hufyonza maji, zaidi katika siku na wiki za mwanzo, na maji yakiingia hubeba rangi. Kwa hiyo resini nyepesi ya kumiminwa kwa sindano, yenye utomvu mwingi, kwa kawaida hushika rangi upesi kuliko ile nzito ya kukandikwa.

Kama imegeuka ndani ya wiki au miezi michache, sitauma maneno: mara nyingi kosa ni letu, si la kahawa yako.

Kwanza kuna hewa. Oksijeni huzuia safu ya juu kabisa ya resini isigande, ikabaki utando mwembamba unaonata. Mfanyaji anatakiwa auondoe kwa kung'arisha, au afunike jino kwa gliserini anapomulika mara ya mwisho. Utando huo ukiachwa, hunywa rangi kama andazi lililochovywa kwenye chai.

Kuna taa pia. Kichocheo kilichomo ndani ya resini nyingi kimetokana na kafuri, na huamshwa na mwanga wa bluu wa takriban nanomita 470. Resini ya kawaida huwekwa kwa safu zisizozidi milimita 2 ili mwanga ufike chini. Safu ikiwa nene, au taa imeshikwa mbali, au betri imechoka, au ncha ya taa imegandiwa na resini ya wagonjwa waliotangulia, juu hukauka na ndani hubaki mbichi, kama chapati iliyopikwa kwa moto mkali. Kwa nje huwezi kujua. Utajua baada ya vikombe mia.

Jambo la tatu ndilo dogo na ndilo linalorukwa kuliko yote, hasa foleni ikiwa ndefu: kung'arisha. Uso ukiwa na mikwaruzo inayopita 0.2 ya mikromita, ukoga hupata pa kushika, na ukoga ndio godoro la rangi. Ulimi hauwezi kupima kiasi hicho, lakini mkwaruzo mkubwa huujua mara moja. Ukihisi resini mpya inaparuza kama msasa, sema hapo hapo kabla hujashuka kwenye kiti. Daktari mzuri hakasiriki. Anashika kisahani na kumaliza kazi.

Ikiwa imechukua miaka, basi ndiyo tuongelee vinywaji. Kahawa na chai hazifanyi kazi kwa namna moja. Rangi nyingi za chai hukaa juu ya resini, kwa hiyo mswaki huzipunguza. Baadhi ya rangi za manjano za kahawa zinapatana na utomvu wenyewe, zikapenya, na mswaki hauzifikii. Ndiyo maana kahawa chungu ya kwenye dele, inayonywewa kidogo kidogo kutwa nzima, hushinda kikombe kimoja kikubwa cha asubuhi: kinachohesabika ni muda ambao resini imelowa.

Soda nyeusi hushangaza watu. Rangi yake ni nzito, lakini peke yake hutia doa kidogo kuliko kahawa. Ubaya wake ni asidi, inayoufanya uso upoteze ulaini, na kinachokuja nyuma yake kikashika. Ukwaju na juisi ya choya ni wa ukoo huo huo wa uchachu, na choya inakuja na rangi yake mwenyewe. Pombe nayo hulainisha utomvu. Mvinyo mwekundu una pombe, asidi na rangi kwenye glasi moja.

Halafu kuna bizari ya manjano. Sijaona kinachoishinda kwa kasi. Urojo wa Unguja ni mtihani kamili: bizari, uchachu wa embe au ndimu, na umoto, vyote kwenye bakuli moja. Nimeona resini ya jana ikija na rangi ya kiini cha yai. Habari njema ni kwamba rangi ya bizari huvunjwa na mwanga, kama unavyoona shati lenye doa la pilau linavyopauka likianikwa juani. Kinywani hakuna jua, lakini doa la bizari lililopatwa mapema hupungua sana likisuguliwa.

Nikuongezee moja la kukutuliza: resini huwa ya manjano kiasi inapozeeka hata kwa mtu anayekunywa maji matupu, kwa sababu kemikali za kuigandisha zilizobaki ndani hubadilika zenyewe. Hilo si uchafu, na hakuna mswaki wa kuliondoa.

Dawa ya hali hii hufuata kina. Tunaanza kung'arisha. Rangi ikibaki, tunapunguza safu nyembamba ya juu na kuweka resini mpya juu ya ile ya zamani, bila kuligusa jino. Kwa meno yaliyofunikwa uso mzima kwa sababu ya floridi, kazi hii ya kurudishia uso ndiyo matengenezo yake ya kawaida. Aliyekuahidi kwamba umemaliza maisha yako yote hakukutendea haki.

Mstari wa kahawia pembezoni, kama uzi

Mstari huu ndio unaong'olesha resini nyingi zisizo na kosa, kwa hiyo nitaukalia kidogo.

Resini inapoganda hunywea, takriban asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Ikiwa imeshikana vizuri na jino, mvutano huo huvumilika. Ikiwa mate au damu viligusa jino baada ya kuoshwa kwa ile asidi ya kuliandaa lishike resini, au gundi haikumulikwa vya kutosha, pembezoni huachia kidogo na ufa mwembamba huzaliwa. Chai haihitaji mlango mkubwa.

Lakini mara nyingi hakuna ufa wowote. Kuna ukingo mwembamba wa resini uliomwagikia kwenye jino nje ya eneo lililoandaliwa, kama rangi ya ukuta iliyopita kwenye fremu ya mlango. Ukingo huo haujashika, umelala tu, na chini yake chai hujipenyeza. Ukitazama kwa tochi utaona kivuli cha kahawia chenye mwisho uliochongoka. Huu hukatwa kwa kisahani kwa dakika mbili na mstari hupotea wote. Nasema wote, na bado kila mwezi napokea mtu aliyeambiwa "imeoza, tuitoe."

Doa la pembezoni peke yake si kuoza. Kinachonifanya nishuku ni haya: ukucha au chombo kinazama na pahala hapo ni laini, chakula kinanasa pale pale kila siku, uzi wa kusafishia meno unachanika hapo, baridi au sukari inauma, au kuna kivuli cha kijivu kinachoonekana kupitia gamba la jino kando ya mstari. Yakiwepo mawili, nenda ukapigwe picha ya eksirei. Yasipokuwepo hata moja, piga picha kwa simu, andika tarehe, na linganisha baada ya miezi sita. Kila resini inapotolewa, jino nalo hupoteza kidogo, na shimo la pili siku zote ni kubwa kuliko la kwanza.

Moshi na tumbaku

Sigara huweka lami. Hubandika zaidi nyuma ya meno ya mbele, upande wa ulimi, kwa hiyo mvutaji anaweza kucheka kwenye kioo akajiona mweupe huku nyuma kumeungua kama kikaango. Kwenye resini, lami hutafuta mikwaruzo na pembezoni kwanza, na uso uliong'arishwa vizuri huichelewesha bila kuizuia. Anayevuta akiwa na kikombe cha kahawa mkononi huvuna kwa majembe mawili.

Shisha isikudanganye na maji yake. Maji huupoza moshi; hayaondoi lami yake. Tambuu na popoo huacha wekundu uliokolea unaoingia kwenye kila pengo. Ugoro hukaa mahali pamoja, kati ya mdomo na fizi, na resini zilizo shingoni mwa meno ya chini hugeuka kahawia upande huo tu. Nikiona hivyo huwa sihitaji kuuliza.

Habari ya doa ni ndogo hapa kuliko ya kinywa chenyewe. Mahali unapoweka ugoro au tambuu, pakiwa na utando mweupe au mwekundu usiofutika kwa kitambaa, au kidonda kilichopita wiki mbili, acha mambo ya rangi na uende ukatazamwe wiki hii.

Doa la lami hung'arika. Linarudi kwa kasi ya pakiti. Sikatai kumng'arishia mvutaji, ila namwambia mapema kwamba atanitembelea mara nyingi, na kwamba resini mpya haitakuwa na bahati kuliko ya zamani.

Kijivu au weusi unaotoka ndani

Hapa usihangaike na vinywaji. Kama jino zima limeingia kijivu, huenda mshipa wake umekufa, hasa kama uliwahi kuanguka au kupigwa. Kama kivuli kiko chini ya resini ya gego, huenda ni kuoza, au ni rangi iliyoachwa na dawa ya zamani ya kuzibia, yenye madini ya fedha, iliyowekwa kabla ya resini. Vyote vinahitaji eksirei, si msasa.

Resini haikugeuka, jino ndilo lililogeuka

Waliopaka dawa ya kuyafanya meno yawe meupe huja wakisema resini imeingia weusi. Dawa hiyo hufanya kazi kwenye jino. Resini hubaki ilivyokuwa, kwa hiyo tofauti hujitokeza. Ukitaka resini mpya ya kulingana, subiri takriban wiki mbili baada ya dawa ya mwisho. Oksijeni iliyobaki ndani ya jino huharibu mshiko, na rangi ya jino nayo inahitaji muda itulie.

Na kama resini ilionekana nyeupe mno tangu wiki ya kwanza, pengine rangi ilichaguliwa jino likiwa limeshakauka chini ya taa. Inatakiwa ichaguliwe mwanzoni kabisa, jino likiwa na mate yake.

Majaribio ya nyumbani

Mkaa uliosagwa, majivu, limao na magadi: vyote hutoa doa la juu kwa kukwangua au kuchoma, halafu kukuachia uso unaoshika doa maradufu. Dawa za meno zinazotangazwa kung'arisha zina kokoto ndogo. Zitumie kwa nadra kama una resini mbele. Mswaki wa mti hauna kosa, mradi ncha imetafunwa ikalainika. Ukishakunywa kitu kichachu, sukutua kwa maji na subiri kama nusu saa kabla ya mswaki.

Wenye meno bandia ya kuvaa, ya plastiki ya pinki na nyeupe, wana shida ya jamaa wa karibu: nayo hunywa maji na rangi. Yasugueni kwa sabuni ya maji na brashi laini juu ya beseni lenye maji, ili yakianguka yasivunjike. Maji ya moto huyapinda. Dawa ya kufulia yenye klorini huyapausha, na kama yana vikono vya chuma, hula chuma.

Baada ya kuziba au kung'arisha, siku mbili za kwanza zina uzito wake, kwa sababu resini inaendelea kukomaa kwa takriban saa 24 baada ya kumulikwa na bado inafyonza. Chakula cha siku hizo kiwe cheupe: wali wa nazi, samaki bila bizari, maji, maziwa.

Yule mzee nilimwambia hivyo, akacheka. "Mwanangu, mimi nauza kahawa. Nitaionjaje?" Tukakubaliana aonje kikombe kimoja asubuhi, akinywe akimalize badala ya kukilamba kutwa, na kila baada ya hapo apige funda la maji. Alirudi baada ya miezi minane. Uso wa resini ulikuwa umefifia kidogo, na pembezoni, upande wa kushoto, palikuwa na uzi mwembamba wa kahawia. Nikapitisha chombo, hakikukwama. Nikaupiga picha, nikaandika tarehe kwenye kadi yake, nikamng'arishia, akaondoka.